Kigingi na Fremu

Shuka daladala Sinza Mori jioni, kisha utafute nyumba iliyo barabarani isiyo na fremu mbele yake. Utatembea sana. Saluni, duka la dawa, chipsi, wakala wa fedha, vyote vimekaa pale palipokuwa ua. Ramani ya mipango miji ilipochorwa, viwanja hivi viliandikwa makazi, ujazo wa juu, yaani viwanja vidogo vyenye nyumba zilizokaribiana.

Neno hilo ujazo limebeba historia ya Dar es Salaam. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1914 ziliugawa mji mafungu matatu, na Waingereza wakaurithi mgawo huo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mpango Kabambe wa 1949 ulitaja ujazo badala ya rangi ya mtu, lakini mistari ilibaki palepale. Oysterbay ilipewa nafasi ya bustani, Ilala ikabanwa. Baada ya Uhuru ubaguzi uliondoka kwenye sheria, ujazo ukabaki. Viwango vya 1997 vilitaka hata kiwanja cha ujazo wa juu kiwe na mita za mraba 400 hadi 800. Cha ujazo wa chini kiliweza kufika 4,000.

Mimi nasoma tarakimu hizo kama bei. Kiwanja kikipanuka, barabara inarefuka, bomba linarefuka, nguzo za umeme zinaongezeka, na mwenye kipato kidogo anakuwa ameshakataliwa kabla hajaijaza fomu. Anaondoka kwenda kununua shamba la mtu, linapimwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, na mjumbe anashuhudia hati ya mauziano.

Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulikuja kuliponya jambo hilo. Kwa kazi ya upimaji ulifaulu kupita kiasi kilichopangwa: Kibada, Tuangoma, Mbweni, Bunju, Buyuni, vigingi vikasimama. Ila viwanja viliuzwa kwa kurudisha gharama, na wengi waliofidiwa mashamba yao hawakuweza kununua kiwanja palepale walipokuwa wakilima. Waliomudu walikuwa na kwao tayari. Kwa miaka mingi vichaka viliota kati ya bikoni, huku maji na barabara vikichelewa, na ng'ambo ya mpaka wa mradi nyumba zisizopimwa zikisongamana. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu nia ilikuwa njema na kazi ya wapimaji ilikuwa safi.

Sinza ilianza kwa unyenyekevu zaidi. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga, na Manzese ikaboreshwa watu wakiwa ndani. Viwanja vingi vya Sinza vilikuwa na mita za mraba 288 tu. Watu walijijengea wenyewe, chumba baada ya chumba. Watafiti waliorudi miongo kadhaa baadaye wakakuta nyumba za maeneo yaliyopimwa mapema ni bora kuliko za yale yaliyoboreshwa baadaye. Ni kweli pia kwamba wenye nacho walihamia huko, na baadhi ya wale waliokusudiwa wakauza.

Lakini tazama kilichobaki. Katika masharti ya ramani ile, kipengele cha matumizi kimefutwa na fremu, kile cha ukubwa wa jengo kimepandiwa ghorofa. Njia zimebaki. Gari la majitaka linapita Sinza, linageuza, linafika shimoni. Ndani ya Manzese kuna vichochoro ambamo mgonjwa hutolewa kwa kubebwa mpaka barabarani. Laiti tungekubali kiwanja kidogo, tukaacha kugombana na banda la mama ntilie, nguvu zote tukazitia kwenye kulinda upana wa njia.

Urasimishaji wa sasa wa makazi yasiyopimwa unafika nyumba zikiwa zimeshaezekwa. Mpimaji anaomba mita moja hapa, nusu mita kule, na jirani anaonyesha ukuta alioujenga kwa akiba ya miaka kumi. Na wakati huohuo, kule Chanika, mtu anahesabu hatua shambani.