Methali za Kiwelisi na Maana Zake: Kinachopotea Njiani

Miongoni mwa majibu ambayo mwalimu wa Kiswahili hukumbana nayo kila anaposahihisha maswali ya methali, kuna lile la mtahiniwa anayeeleza maana ya methali kwa kutaja methali nyingine ya Kiingereza. Akiulizwa maana ya "Kawia ufike", huandika kwamba ni sawa na ile ya Waingereza isemayo afadhali kuchelewa kuliko kutofika kabisa, kisha akaweka nukta. Akinyimwa alama hudhani ameonewa. Makala haya yananuia kuonyesha ni kwa nini jibu la aina hiyo halitoshi. Ili tusichoshane kwa mifano ile ile ya vitabu vya kiada, tutachota mifano kutoka Welisi, nchi iliyo magharibi mwa kisiwa cha Britania, ambayo methali zake aghalabu humfikia mgeni zikiwa zimeambatanishwa na maana ya Kiingereza.

Ieleweke kwanza kwamba Kiwelisi si lahaja ya Kiingereza. Ni lugha ya jamii ya Kikelti, na Wawelisi walianza mapema kuhifadhi methali zao kwa maandishi. Zimo katika Kitabu Chekundu cha Hergest, mswada ulionakiliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14. Mnamo mwaka wa 1547 William Salesbury alipiga chapa mkusanyiko wa methali uliotayarishwa na mshairi Gruffydd Hiraethog, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha kwanza kabisa cha Kiwelisi kuchapishwa. Kuhusu matamshi, msomaji akumbuke kuwa f moja husomwa v, dd husomwa kama dh katika "dhahabu", ch husomwa kama kh katika "kheri", na w mara nyingi huwa irabu u.

Tuanze na ile inayokaribiana na "Kawia ufike". Wawelisi husema Gwell hwyr na hwyrach. Maana inayotolewa kwa Kiingereza ni ile ile ya kuchelewa na kutofika. Lakini neno kwa neno methali hii yasema "afadhali kuchelewa kuliko kuchelewa zaidi". Kutofika hakumo! Isitoshe, neno hwyrach katika Kiwelisi, hasa cha kaskazini, lina maana nyingine: "labda". Kwa hiyo msikilizaji anaweza kusikia pia "afadhali kuchelewa kuliko labda". Huo ni mchezo wa maneno, na tafsiri ya Kiingereza imeufuta wote. Methali yetu nayo ina muundo wake: vitenzi viwili tu, kimoja cha kuamuru na kingine cha kutazamia matokeo. Anayeieleza kwa tafsiri ya Kiingereza anaacha nje ufupi huo, ambao ni sifa muhimu ya methali.

Kinachopotea kwa wepisi zaidi ni sauti. Chukua Dyfal donc a dyr y garreg, yaani "kugonga kusikokoma huvunja jiwe". Takriri ya d inaigiza hasa ule mgongo wa nyundo. Mwalimu wa sarufi atafurahia jambo hili: maneno ya asili ni tonc (pigo), tyr (huvunja) na carreg (jiwe), ila Kiwelisi hubadilisha konsonanti ya mwanzo wa neno kutegemea mahali neno lilipo katika sentensi. Mabadiliko hayo ya kisarufi ndiyo yaliyozalisha takriri. Sisi wenye upatanisho wa kisarufi hatupaswi kushangaa. Viambishi vyetu hutufanyia kazi hiyo hiyo kila siku. Methali yetu iliyo karibu nayo ni "Papo kwa papo kamba hukata jiwe". Jiwe ni lile lile, ila mmoja anagonga na mwingine anasugua.

Hali kadhalika Chwarae'n troi'n chwerw, "mchezo unageuka kuwa mchungu", yenye chwarae na chwerw zinazofanana mwanzoni. Kiswahili kina "Mzaha mzaha hutumbuka usaha", ambayo hufananisha miishio. Weka zote mbili kwa Kiingereza na utabaki na onyo la mlezi, basi.

Kuna hatari nyingine, nayo ni kulinganisha kwa kutazama taswira pekee. I'r pant y rhed y dŵr maana yake ya juu ni "maji hukimbilia bondeni". Mwanafunzi ataruka haraka na "Maji hufuata mkondo". La hasha! Methali yetu huzungumzia kufuata desturi au mwelekeo uliokwisha kuwekwa. Ya Wawelisi hutumiwa mali inapomwendea aliye na mali tayari, na huwa na uchungu ndani yake. Maji ni yale yale, lakini ujumbe uko mbali kabisa.

Mazingira pia yana neno lake. Gwyn y gwêl y frân ei chyw, yaani "kunguru humwona kinda wake kuwa mweupe". Kunguru wa Welisi ni mweusi tititi. Wengi wetu huku Kenya tumezoea kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe, hivyo mwanafunzi asiyefahamishwa anaweza kushindwa kuona kejeli iko wapi. Aidha, neno gwyn halimaanishi weupe tu. Hubeba pia maana ya kubarikiwa. Kwetu kauli inayoingiana nayo ni "Akipenda, chongo huita kengeza", ingawa mpenzi wa Kiswahili hupunguza kasoro ilhali mama kunguru huifuta kabisa.

Methali inayonivutia kuliko zote ni A fo ben, bid bont. Kwa Kiingereza huelezwa: anayetaka kuwa kiongozi na awe daraja. Mwanafunzi anayeishia hapo atasema kiongozi anapaswa kuwaunganisha watu, maelezo mazuri ya hotuba ya mkutano wa hadhara. Lakini methali hii ina usuli wake katika hadithi za kale zijulikanazo kama Mabinogi. Branwen, dada wa mfalme Bendigeidfran, ameolewa na mfalme wa Ireland, naye anateswa jikoni. Anamfunza ndege kupeleka barua kwa kaka yake. Bendigeidfran, ambaye ni jitu, anavuka bahari na majeshi yake. Wenyeji wanarudi nyuma ya mto na kulivunja daraja. Anapoulizwa shauri, anatamka maneno hayo, kisha anajilaza juu ya mto na majeshi yanavuka juu ya mwili wake. Msimulizi mwenyewe hutaja kwamba hapo ndipo maneno hayo yalipotamkwa mara ya kwanza, na kwamba yangali yakitumika kama methali. Daraja hapa, basi, ni mgongo wa mtu unaokanyagwa. Pia neno pen, ambalo hapa limekuwa ben, ni "kichwa": aliye kichwa ndiye anayelala chini ya nyayo. Linganisha na "Ukubwa ni jaa". Mkubwa wa Kiswahili hutupiwa takataka za kila mtu bila kuulizwa. Wa Welisi hujilaza mwenyewe. Swali la tofauti hiyo lingetosha kipindi kizima cha fasihi simulizi.

Wawelisi wana sababu ya kuyachukulia haya kwa uzito. Katika karne ya 19, baadhi ya shule za Welisi zilimvisha mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi kibao cha mbao shingoni. Alikipitisha kwa mwingine aliyekosea, na aliyebaki nacho jioni aliadhibiwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza adhabu ya namna hiyo hiyo nchini Kenya katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, na wengi wa wasomaji wa kurasa hizi wamewahi kukiona kibao hicho kwa macho yao. Sensa ya 2021 ilipata wasemaji wa Kiwelisi wapatao 538,000, yaani asilimia 17.8 ya wakazi wenye umri wa miaka 3 na zaidi. Ndipo mtu hutaja Cenedl heb iaith, cenedl heb galon: "taifa bila lugha, taifa bila moyo". Kwa Kiingereza, kukosa moyo huweza kueleweka kuwa ukatili. Katika Kiwelisi calon ni kiungo kinachodunda, na pia ni ujasiri. Methali yetu "Mwacha mila ni mtumwa" humshutumu mtu mmoja aliyeacha; hii yatazama taifa zima, wala haisemi ni nani aliyelinyang'anya lugha yake.

Kwa mazoezi, mwalimu aweza kuwapa wanafunzi Angel pen ffordd, diawl pen pentan, yaani "malaika barabarani, shetani mekoni". Waeleze maana ya juu na ya ndani, wataje tamathali iliyotumika, kisha waamue ipi iliyo karibu zaidi nayo, "Nyumba njema si mlango" au "Mzuri mkakasi, ndani kipande cha mti". Darasa likigawanyika, waachwe wabishane.