Gari Kuukuu Kisiwani: Kulitengeneza au Kulibadili?

Kijiji cha Kanga kimo kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, upande wa kusini-magharibi, na vipuri vya magari havina budi kuvushwa bahari kutoka bara. Mahali kama hapo gari likiharibika njiani, hasara haipimwi kwa nauli peke yake: huenda ndani yake mna mgonjwa, au samaki wasioweza kungoja hadi kesho. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu hukabiliwa na swali zito: je, alitengeneze tena, ama aliuze na kununua jingine? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa mazoea tu. Hata hivyo, kemia kidogo na hesabu nyepesi hutosha kulijibu.

Namna kutu inavyofanya kazi

Gari huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulika kwa sehemu zinazosuguana, kama vile breki, beringi na ringi za pistoni. Ya pili ni kutu. Chuma kinapokutana na maji na oksijeni, atomi zake hupoteza elektroni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi mahali penye oksijeni zaidi, na huko hupokewa na oksijeni pamoja na maji. Kila doa la kutu, basi, ni mfano wa betri ndogo.

Betri hiyo huhitaji maji yanayopitisha umeme. Maji safi huupitisha kwa shida. Maji ya bahari, ambayo katika kila kilo moja yana takriban gramu 35 za chumvi, huupitisha kwa wepesi. Tena, kloridi iliyomo katika chumvi huvunja utando mwembamba unaokikinga chuma. Pepo za kusi na kaskazi hupeperusha matone madogo ya maji ya bahari hadi nchi kavu, na chumvi inayotua juu ya bati hufyonza unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua. Aidha, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi huvimba na kubanduka, na maji yakapata njia mpya.

Ujuzi wa kuzuia uharibifu wa namna hii si mgeni. Mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza, Humphry Davy, alionyesha kwamba shaba iliyofunika matumbo ya merikebu hukingwa na maji ya bahari ikigusishwa na zinki au chuma. Metali inayotoa elektroni kwa wepesi zaidi huliwa kwanza, na nyingine husalimika. Kwa kanuni hiyo hiyo, chuma kilichopakwa zinki hudumu kuliko chuma kitupu.

Mkuku kwanza

Mafundi wa mashua huko Jibondo, kusini mwa Mafia, hawapati shida kubadili ubao uliooza. Lakini mkuku ukiwa mbovu, ubao mpya hauokoi chombo. Chesisi ndiyo mkuku wa gari. Magari mengi madogo hayana chesisi ya peke yake. Sakafu na kingo za chini za bodi ndizo zinazobeba uzito. Sehemu hizo zigongwe kwa nyundo ndogo na kuchokolewa kwa bisibisi, hasa karibu na springi na usukani. Bisibisi ikizama, chuma kimekwisha. Injini hubadilishwa, na breki pia. Lakini chesisi iliyolika mahali pengi ni hatari kwa abiria, na hapo hakuna haja ya hesabu.

Hesabu ya mwaka ujao

Chesisi ikiwa nzima, ndipo hesabu ifanywe. Chukulia kwamba gari kuukuu huuzika leo kwa shilingi milioni 6, na baada ya mwaka litauzika kwa milioni 5. Matengenezo ya mwaka huo yanakadiriwa kuwa milioni 2. Gharama ya kuendelea nalo ni 1 + 2, yaani milioni 3.

Gari jingine hununuliwa kwa milioni 16, hutumika miaka 8, kisha huuzwa kwa milioni 4. Thamani inayopotea ni milioni 12, yaani milioni 1.5 kila mwaka. Yakiongezwa matengenezo ya wastani wa milioni 1, jumla ni milioni 2.5 kwa mwaka. Hapa inafaa kubadili. Lakini matengenezo ya gari kuukuu yakiwa milioni 1.2 tu, gharama yake ni milioni 2.2, na inafaa kulitunza.

Fedha iliyotumika mwaka jana kununua giaboksi haimo katika hesabu hii, kwa kuwa hairudi kwa uamuzi wowote. Lakini siku ambazo gari halitasafiri huingizwa, pamoja na riba ikiwa fedha ni ya mkopo.

Zoezi la darasani

Wanafunzi watie misumari mitatu iliyosuguliwa kwa msasa katika chupa tatu: moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya bahari, na moja ya mafuta ya nazi. Baada ya wiki moja waeleze tofauti wanazoziona, kisha waeleze kwa nini gari la pwani huoshwa chini kwa maji baridi na kupakwa grisi.