Kujichukulia kipimo nyumbani: Hesabu ya mama wa Majengo

Leo tunazungumza na akina mama, lakini akina baba msigeuze ukurasa, kwani fedha tutakazozitaja ni za nyumba nzima.

Hakuna saratani inayoua wanawake wengi Tanzania kuliko ya mlango wa kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Chanzo ni virusi vya papiloma, maarufu kwa jina la HPV, ambavyo kwa kawaida huchukua miaka mingi kufikia saratani. Muda wa kuuwahi ugonjwa upo, ila wengi hawaendi kupima.

Mtu wa Majengo hawezi kusema hospitali iko mbali. Mawenzi ni hapo tu. Nauli ni hoja ya dada zetu wa Uru na Kibosho. Kwetu kinacholiwa ni siku. Chukua mama anayekaanga vitumbua alfajiri na kuuza mboga Mbuyuni mchana. Tuseme faida yake ni shilingi 7,000. Siku ya foleni hiyo 7,000 haipo, mchicha umenyauka, na jirani aliyeachiwa mtoto anatazamia chochote. Halafu kuna gharama isiyoandikwa popote: stara. Akisikia kwamba huenda anayepima ni mwanamume, anageuzia mlangoni.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka katika mwongozo wake kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli. Hupewa kijiti chenye pamba au brashi laini, akajifungia chumbani, akakiingiza ukeni na kukizungusha, kisha akakirudisha kwenye kichupa chake. Ni dakika chache. Maabara ndiyo hutafuta virusi. Mwenye miaka 30 na kuendelea asipokutwa navyo, hurudia baada ya miaka 5 hadi 10, wakati kipimo cha siki tulichokizoea hurudiwa kila miaka 3. (Anayeishi na VVU huanza akiwa na miaka 25 na hurudia mapema zaidi.) Kwa mfanyabiashara ndogondogo, hizo ni siku za kazi zilizookolewa.

Kisenyi, mtaa wa Kampala wenye Wasomali wengi, jambo hili lilijaribiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wanawake 250 walipewa vijiti wajichukulie wenyewe, na karibu wote wakatoa sampuli. Wengine 250 walitakiwa kwenda kliniki kwa kipimo cha siki. Hata nusu yao hawakufika.

Usishangilie mapema, msomaji. Miongoni mwa waliokutwa na virusi, takriban wawili katika kila watano hawakufika kliniki kwa uchunguzi wa pili. Hapo ndipo hesabu yote inapoharibika. Kijiti hakitibu, na kipimo cha maabara ni ghali kuliko siki. Mama asipofuatilia majibu, fedha hizo zimemwagwa mchangani, awe amelipa yeye au serikali. Chembe zilizoanza kuharibika hugandishwa au huunguzwa kidogo kwa joto, na mama hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Akichelewa, ni mionzi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Moshi waliifuata Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa wiki kadhaa, pamoja na ndugu wa kumuuguza. Hapo kiwanja huanza kutafutiwa mteja.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kabla hujachukua kijiti, weka kando kwenye kikoba fedha ya safari ya pili. Baba naye achangie.

Zahanati ikikwambia vijiti hawana, kapime kwa siki, usingoje. Anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, asiseme ni istihadha akanyamaza, wala asipoteze muda na kijiti. Aende kwa daktari moja kwa moja.

Na wewe baba, jibu la kuwa na virusi si saratani, wala si ushahidi wa zina. Virusi hivi hukaa kimya mwilini miaka mingi, na hakuna maabara inayoweza kusema viliingia lini au kupitia kwa nani. Usitoe talaka kwa karatasi hiyo.

Unapokabidhi kichupa, andikisha namba ya simu unayoishika mwenyewe. Kama simu ni ya watoto au ya mumeo, sema hivyo, na uulize siku ya kufuata majibu kwa miguu.