Sikukuu zisiwapandishe presha, yasemeni kabla ya safari

Dar es Salaam. Ikifika katikati ya Desemba, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hujaa watu na mizigo hadi pa kusimama panakosekana. Wanaoelekea Moshi hutaniwa kwamba wanakwenda kuhesabiwa, nao hucheka. Lakini ndani ya basi hilohilo yupo baba ambaye tangu Novemba hajalala vizuri, na kiti cha pembeni yupo mama ambaye bado hajaambiwa kwamba fedha za Januari zimeshaliwa na nauli.

Kinachomchosha baba huyo si ile safari ya zaidi ya kilomita 500. Ni mambo ambayo kila mmoja nyumbani anayajua, ila hakuna aliyeyasema. Kiasi gani kitumike? Mbuzi atanunuliwa na nani? Watalala kwa wazazi wa mume siku ngapi, na kwa wazazi wa mke je? Kaka mkubwa anasubiri mchango, bibi anasubiri khanga, watoto wanasubiri nguo mpya. Mwenye mfuko yuko kimya, anaomba Mungu mambo yajipe.

Mwili haujui kwamba hizo ni sikukuu. Mtu akiwa na hofu, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo yanaongezeka, shinikizo la damu linapanda na sukari inaongezeka kwenye damu. Hali hiyo inamfaa anayekimbizwa na mbwa, maana itapita baada ya dakika chache. Ikidumu wiki tatu au nne, usingizi unakatika, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, na mtu anamfokea mtoto kwa kosa la kumwaga maji.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walichapisha utafiti kuhusu mambo ambayo mtu hajayamaliza. Waligundua kwamba jambo lililobaki kiporo humsumbua mtu akilini hata anapofanya kazi nyingine. Ila akipanga waziwazi atalifanya lini, wapi na kwa namna gani, usumbufu ule unapungua, ingawa jambo lenyewe bado halijafanyika. Kwa familia inayojiandaa na Krismasi na mwaka mpya, hii ni habari njema. Nafuu haingoji fedha zipatikane. Inaweza kuanza jioni moja, watoto wakiwa wamelala, kwa karatasi na kalamu.

Januari iandikwe kwanza

Wengi huanza kupanga Desemba, kinachobaki ndicho kinakuwa cha Januari. Utaratibu ugeuzwe. Kwanza iandikwe kodi ya nyumba, halafu sare, madaftari na ada kwa wenye watoto shule binafsi. Shule za msingi na sekondari za Serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada tangu 2016, lakini mzazi anayempeleka mtoto kidato cha kwanza anajua orodha ya mahitaji ilivyo ndefu. Baada ya hapo iandikwe nauli, ya kwenda na ya kurudi. Ya kurudi ndiyo husahaulika, na ndiyo inayowafanya watu wazima waanze kupiga simu za kukopa Januari 2. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu, kiwe kikubwa au kidogo.

Mtego mwingine ni kikoba. Vikundi vingi huvunja kikoba Desemba, na fedha zile zikishikwa mkononi huonekana kama zimeokotwa, wakati ni akiba ya mwaka mzima. Zikiisha, simu ya mkononi inafungua mlango wa mikopo ya kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopo wa kununulia soda na nyama hauna sababu ya kuwepo, uwe na leseni au usiwe nayo.

Kisha ipigwe simu nyumbani, na itajwe namba: "Baba, mwaka huu nitakuja na laki moja na mchele kilo kumi." Kiasi kilichotajwa mapema kinaweza kuwaudhi wazazi kwa siku moja. Ukimya unawaudhi zaidi, kwa sababu kila mtu kijijini anajijazia kiasi chake. Asiyeweza kusafiri naye aseme mapema, si tarehe 24 usiku.

Likizo ya nani?

Lipo jambo ambalo kwenye familia nyingi halijadiliwi kabisa. Mkwe anashuka kwenye basi miguu imevimba, anasalimia, anavua viatu na kuingia jikoni moja kwa moja. Hatoki huko hadi siku ya kuondoka. Kuna mtori wa wazee, pilau ya wageni, vyombo vya watu ishirini na nguo za watoto waliocheza kwenye udongo. Wakati huo wanaume wako chini ya migomba na mbege, wanasifu chakula. Akikasirika anaambiwa ana kiburi cha mjini.

Hilo haliondoki kwa mke kuvumilia. Mume ndiye wa kuzungumza na mama yake mzazi na dada zake kabla ya safari: siku gani nani atapika, vijana gani wataosha vyombo na kuchota maji. Akiliachia mkewe aliseme mwenyewe, ameshamtengenezea ugomvi.

Ugomvi wa shamba na urithi nao hupenda Desemba, kwa kuwa ndugu wote wapo. Wachagga wana jani la isale la kuombea msamaha, na busara hiyo bado inafaa. Ila vikao vya namna hiyo vifanyike asubuhi, watu wakiwa hawajanywa.

Kuhusu pombe, mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake nchini Marekani walieleza tatizo waliloliita moyo wa sikukuu: mapigo ya moyo kwenda ovyo baada ya mtu kunywa sana mwishoni mwa wiki au siku za mapumziko.

Wenye presha na kisukari wabebe dawa za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi, hasa insulini, ambayo joto huiharibu. Dawa haiachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Na chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, ikiwamo iliyoko kwenye supu na nyama choma.

Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kugoma kutoka ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama wageni wako mezani. Na aliyefiwa mwaka huu asilazimishwe kuchangamka. Huzuni ikimkosesha usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili mfululizo, apelekwe kituo cha afya. Akianza kusema ni bora asingekuwepo, apelekwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.