Manjano Yakikutana na Magadi

Sikilizeni, wanangu. Kuna doa linalojulikana na kila anayefua nguo kuanzia Jericho hadi Kayole, huku Nairobi. Mchuzi wenye manjano umedondokea shati jeupe la shule. Mama analilowesha, anapaka sabuni ya kipande, mara doa linageuka jekundu, na mwenye shati anaanza kuapa kwamba hakujikata popote. Ni kweli, hapana damu hapo. Ni sabuni imekutana na manjano.

Nendeni kwa mama mboga mlete vitu vitatu: pakiti ndogo ya manjano, ndimu moja, na kipande cha magadi, yale mawe ambayo nyanya huyatia kwenye mrenda au kunde ili zilainike. Tandazeni gazeti kwanza. Manjano yakishika kitambaa cha meza, yatakayowapata hayamo katika hadithi hii.

Mtu mzima apashe maji robo kikombe, yawe ya vuguvugu tu, myeyushe magadi humo. Hatutaki maji mengi, maana najua mgao ulivyo huko kwenu. Kwenye kisahani cheupe, korogeni nusu kijiko cha manjano na vijiko viwili vya maji. Sasa mmoja wenu achovye ncha ya kijiko kwenye maji ya magadi, adondoshe tone moja katikati. Tazameni! Pale tone lilipoangukia pamekuwa na rangi ya tofali, na wekundu unatambaa polepole kuelekea ukingoni. Ongezeni mpaka kisahani chote kiwe chekundu, kisha kamueni ndimu. Mapovu yanafoka, chwaa, na manjano yanarudia rangi yake.

Ndani ya manjano mna kitu kiitwacho kurkumini. Hicho ndicho chenye rangi, na rangi yenyewe hutegemea kimechanganywa na nini. Kwenye asidi, kama ndimu, hubaki vilevile. Kwenye alikali, kama magadi au sabuni, huwa chekundu. Mapovu nayo ni kabonidayoksaidi, hewa ileile inayowapanda puani mkinywa soda. Hutoka asidi inapokutana na magadi.

Na magadi hayakutoka mbali. Ziwa Magadi liko Kajiado, kusini magharibi mwa Nairobi. Chemchemi za moto humwaga humo maji yenye chumvichumvi, ziwa halina mto wa kuyatoa, jua la Bonde la Ufa huyakausha, na magadi hubaki yameganda. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka wa 1911, na hadi leo viwanda vya vioo huyatumia.

Maji ya magadi yasiwaingie machoni wala mdomoni, na mnawe mikono mkimaliza. Kisha jaribuni vingine kwenye manjano mapya: siki, maziwa lala, dawa ya meno, majivu ya jiko yaliyopoa na kulowekwa. Ila kabla ya tone kuanguka, kila mmoja aseme rangi anayoitarajia, hata yule mdogo kabisa.