Je, Wajua? Ua la Kigeni Linavyopora Nyuki

Je, wajua kwamba mmea vamizi unaweza kulikosesha ua la porini mbegu bila hata kuligusa? Huchukua nyuki tu.

Je, wajua kigogo wa mchezo huo Ulaya? Ni balsamu ya Himalaya, Impatiens glandulifera, yenye maua ya waridi. Ilipelekwa Uingereza mwaka 1839 iwe pambo la bustani, ikaruka ukuta. Leo imejaa kando ya mito, imempita mtu kimo, na vifuko vyake vya mbegu vikiiva hupasuka ghafla na kurusha mbegu hadi mita 7.

Je, wajua siri yake? Mbochi, yale maji matamu ambayo nyuki hutengenezea asali. Balsamu huumwaga bila ubahili. Mwaka 2001 watafiti Lars Chittka na Sabine Schürkens walieleza kuwa palipo na balsamu, ua la asili Stachys palustris hupata nyuki wachache na kuzaa mbegu pungufu. Muuza mihogo ya kuchemsha akiwekewa meza ya halua jirani yake, watoto watakimbilia wapi?

Je, wajua nyuki aliyetoka kwenye balsamu hujulikana kwa mgongo mweupe, kama mtu aliyeshinda mashineni akisaga unga? Ni chavua hiyo.

Je, wajua kuwa hata nyuki akifika, kazi inaweza kuharibika? Kule Marekani, Lythrum salicaria kutoka Ulaya humnyima jamaa yake wa asili, Lythrum alatum, nyuki. Anayebahatika kuja huja amebeba chavua ya jirani, isiyofaa kitu, na mbegu zinapungua tena.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaani. Mara nyingine mmea mgeni huvuta nyuki wengi hadi majirani wakafaidi makombo. Na Baringo, Kenya, nyuki hawana ugomvi na maua ya mathenge, mgeni mwingine, mti uleule unaowaliza wafugaji wa mbuzi.

Je, wajua kwamba balsamu ina ndugu yake kwetu? Impatiens walleriana, ua la asili la Afrika Mashariki, lilifika Uingereza karne ya 19 kutoka Zanzibar, likaitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani. Sasa linauzwa vyunguni dunia nzima. Australia wanalihesabu kuwa gugu.