Neno Moja la Kiingereza: Start

Yako maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi huyadharau kwa sababu aliyakuta katika masomo ya kwanza kabisa. Mojawapo ni neno start. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi, "Kuanza." Jibu hilo si uongo, lakini aliyeliridhikia ni kama mgeni aliyefika barazani akadhani ameiona nyumba nzima. Basi na tuingie ndani, tukavitazame vyumba vyake kimoja kimoja.

Maana ya kwanza ni kuanza kwenyewe. Upepo wa kusi huanza kuvuma katika mwezi wa Aprili. Mvua huanza kunyesha. Somo huanza asubuhi. Kwa maana hii Waingereza wana neno jingine pia, begin, na mara nyingi lo lote kati ya hayo mawili lafaa. Lakini katika maana nne zinazofuata maneno hayo si ndugu sawasawa, na ndipo hatuna budi kuwa waangalifu.

Maana ya pili ni kuondoka. Start likitajwa pamoja na safari, Kiswahili kina maneno yaliyo bora kuliko kuanza: chombo hung'oa nanga na kutweka tanga, na msafiri wa nchi kavu hushika njia. Tuchukue mfano wa David Livingstone. Katika mwezi wa Machi 1866 alifika kwenye mlango wa mto Ruvuma, akitaka kuingia bara kutoka hapo. Lakini mikoko na matope vilimzuia, kwa maana alikuwa na ngamia na wanyama wengine wa mizigo. Basi akageuka kaskazini, akashuka Mikindani, na mwanzoni mwa Aprili akashika njia ya bara. Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho, naye alikufa mwaka 1873 bila kurudi pwani. Mwingereza akiandika habari hiyo asema kwamba Livingstone "started from Mikindani," nasi twaandika, "Aliondoka Mikindani." Mwanafunzi anayeandika, "Alianza Mikindani," humwacha msomaji akiuliza, "Alianza nini?"

Maana ya tatu ni kuwasha. Dereva wa lori huwasha mtambo wake, na nahodha wa mashua yenye injini hufanya vivyo hivyo. Mtambo ukikaa kimya, twasema umekataa kuwaka. Mwingereza hutumia start katika yote hayo. Hapa begin halifai kabisa, atakayelitumia atachekwa.

Maana ya nne huwashangaza wengi, nayo ni kushtuka. Fikirini mvuvi aliyetulia katika mtumbwi wake kwenye mlango wa Ruvuma. Mara kiboko atoa kichwa majini karibu naye, na mvuvi aruka pale alipoketi. Mruko huo wa mwili Waingereza huuita start. Nayo hiyo ndiyo maana iliyo karibu zaidi na asili ya neno, maana hapo kale lilitaja kuruka ghafula. Baadaye likawa kuruka na kushika njia, na baadaye tena likawa kuanza jambo lo lote. Mkilijua hilo, maana hizi hazitawatatiza tena, kwa kuwa zote zilichipuka katika shina moja.

Maana ya tano ni kuanzisha, yaani kulifanya jambo ambalo halikuwapo liwepo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika nchi yetu, na Nachingwea palikuwa mahali pamoja palipochaguliwa. Mpango huo ulivunjika mwaka 1951, lakini bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili yake, ilimalizika mwaka 1954. Tazameni vitenzi viwili: serikali ilianzisha mpango, bandari ilianza kazi. Mwingereza hutumia start pande zote mbili. Sisi twaongeza silabi moja tu, na silabi hiyo yamtaja mwenye kutenda.

Msidhani kwamba silabi moja ni jambo dogo. Watoto wawili wakiletwa mbele ya mwalimu, mmoja husema, "Ugomvi ulianza," na mwingine husema, "Huyu ndiye aliyeuanzisha." Wa kwanza ameeleza habari, wa pili ameshtaki.

Ndivyo ilivyo hata katika mambo makubwa ya nchi. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, kaskazini ya hapa, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi walipong'oa mipamba. Mtu akiuliza kwa Kiingereza ni nini kilicho-start vita hivyo, mmoja aweza kujibu, "Ni wale walioing'oa mipamba." Mwingine atajibu, "Ni Wajerumani, waliowalazimisha watu kulima pamba na kuwatoza kodi." Wa kwanza ametaja mwanzo, wa pili ametaja chanzo. Mto wenyewe watufundisha tofauti hiyo. Mtu aliyesimama kwenye mlango wa Ruvuma huyaona maji yake yakiingia baharini, lakini chanzo chake ki mbali sana, katika milima ya Matogoro karibu na Songea. Asiyepanda huko hawezi kusema ameujua mto.

Kwa hiyo mkutanapo na neno start, msikimbilie kuandika kuanza. Jiulizeni kwanza: Je, jambo hili limeanza lenyewe, au yuko aliyelianzisha? Je, ni safari, ni mtambo, au ni mtu aliyeshtuka? Mwenye kufasiri bila kuuliza aweza kumtwika mtu lawama isiyo yake, au kumwondolea aliyestahili.

MASWALI

1. Katika sentensi hizi, neno start lashika mahali pa neno gani? (a) Jahazi liling'oa nanga alfajiri. (b) Mtambo wa mashua umekataa kuwaka. (c) Mtoto alishtuka aliposikia radi.

2. Eleza tofauti kati ya "Moto ulianza shambani" na "Moto ulianzishwa shambani." Ni sentensi gani ambayo mzee wa kijiji angeiuliza zaidi, na kwa nini?

3. Chagua jambo moja lililotokea kijijini kwenu. Andika mwanzo wake, kisha andika chanzo chake.